Siku Mkia wa Gari Uliponitangulia

Nilikuwa na miaka sita kwenye usukani bila hata mkwaruzo, na kama madereva wengi wa aina hiyo nilishaanza kujiona bingwa. Kisha nikaingia kona moja ya kushoto, lami imelowa kwa manyunyu ya dakika kumi hivi, spidi yangu kama 70. Katikati ya kona nikagundua nimeingia kwa kasi mno. Nikafanya kile woga ulichonituma: niliachia mafuta ghafla, nikabana breki. Mkia ukafyatuka kwenda kulia. Nikakata usukani kulia kwa nguvu zangu zote. Gari likarudi, likapitiliza, likarushwa upande wa pili vibaya kuliko mara ya kwanza. Nilikuja kusimama pembeni mwa barabara nikitazama nilikotoka. Hakukuwa na gari lililokuwa likija, basi.

Wiki nzima niliilaumu lami. Baadaye nikayageukia matairi, na hapo angalau nilikuwa na hoja. Miezi miwili kabla yake nilinunua mapya mawili, nikayafunga mbele kwa kuwa mbele ndiko injini inakovutia, nikayaacha nyuma yale yaliyokaribia upara. Fundi wa matairi alipoona alitikisa kichwa. "Mapya yakae nyuma. Ya mbele yakiteleza utayasikia mikononi mapema. Ya nyuma yakiteleza utajua wakati umeshageuka." Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi zinakubali liendelee kutumika hadi ibaki 1.6. Kisheria uko salama hapo. Kwenye maji mengi hauko, kwa sababu mifereji hiyo ndiyo inayoyatoa maji chini ya tairi.

Lakini matairi hayakunikanyagia breki. Ilinibidi nikubali hilo, nikamtafuta mwalimu wa udereva mwenye uwanja mpana mtupu unaoweza kumwagiwa maji. Kabla hata ya kuwasha gari aliniambia niweke kiganja changu juu ya lami. "Tairi moja linaigusa barabara kiasi hicho tu. Una viganja vinne." Mshiko wa viganja hivyo vinne una kikomo, na kila unachofanya kinachota humo humo: kufunga breki, kuongeza mwendo, kukata kona. Ukiwa umeutumia karibu wote kwa kona, halafu ukadai na breki, tairi halina cha kukupa. Linaserereka. Tena ukibana breki uzito wa gari hukimbilia mbele, nyuma kukawa kwepesi, na ndiyo maana mkia wangu ulikuwa wa kwanza kuondoka. Lami iliyolowa inakipunguza kikomo hicho. Changarawe na matope vinakipunguza zaidi. Na mvua ya kwanza baada ya ukame ni mbaya kuliko ile inayopiga saa nzima, kwa kuwa vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani huwa bado hayajaoshwa.

Spidi nayo haipandi kama tunavyodhani. Kona ile ile ukiichukua kwa 80 badala ya 40, tairi hudaiwa mshiko mara nne, si mara mbili. Hesabu hiyo pekee ingetosha kunikera.

Uwanjani tulianza na spidi ya 30, gari likichokozwa mpaka mkia utoke. Mara tano za kwanza nilizunguka kama pia. Mwalimu aliweka ndoo ya plastiki pembeni, na kila mara niliigonga, ingawa uwanja wote ulikuwa wazi. Nilidhani ni bahati mbaya hadi aliponiambia niache kuitazama. Mikono hufuata macho. Ukikodolea mti, utaufikia. Nilipojilazimisha kuangalia kule nilikotaka gari liende, mikono ilijipeleka yenyewe: mkia ukienda kulia, usukani kulia, kidogo na haraka, miguu ikiwa imetoka kwenye mafuta na breki, klachi imekanyagwa ili injini isivute wala kuzuia. Sehemu ngumu ni kuurudisha. Gari likianza kunyooka, usukani nao unyookee hapo hapo, usisubiri. Ile siku ya kona nilichelewa hapo hapo, na pigo la pili ndilo lililonigeuza.

Mbele kukiteleza ni kinyume kabisa, na kwangu kuligoma kuingia akilini. Unakata kona, gari linaendelea moja kwa moja, mikono inataka kukata zaidi. Usikate. Legeza usukani kidogo, achia mafuta taratibu, subiri matairi yaume tena. Kusubiri sekunde moja huku ukielekea ukingoni ni kazi ya moyo, wala sitadanganya kuwa naipenda.

Matairi kuelea juu ya maji bila kuigusa lami nilikutana nako baadaye, barabara kuu, mvua kubwa. Usukani ukawa mwepesi kama umekatika, na injini ikapandisha mlio bila gari kuongeza mwendo. Sikugusa breki. Niliondoa mguu kwenye mafuta polepole, nikashika usukani umenyooka hadi nilipohisi uzito umerudi.

Niliazima pia gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukibana breki, nikafunga breki kwa nguvu kwenye lami iliyolowa, pedali ikanitetemekea mguuni. Nikauondoa mguu nikidhani nimeharibu gari la watu. Kumbe ndivyo linavyofanya kazi: unakandamiza, unaendelea kukandamiza, na usukani bado unakutii. Gari langu halina, kwa hiyo mimi huachia na kukanyaga, kuachia na kukanyaga. Magari mapya yana pia mfumo unaofunga breki ya gurudumu moja moja kuzuia mkia usitoke. Umoja wa Ulaya uliulazimisha kwa magari yote mapya tangu Novemba 2014. Unasaidia sana, ila viganja hubaki vinne.

Miezi minane baada ya uwanjani, kwenye barabara ya changarawe, mkia ulitoka tena. Macho mbele, usukani kidogo, rudisha. Abiria wangu aliuliza kama tumepiga shimo.

Siku hizi breki zangu huisha kabla kona haijaanza: napunguza gari likiwa limenyooka, nateremsha gia mapema, kisha naingia na mafuta kidogo, bila kubadili kitu hadi nitoke. Hukagua upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Mvua ikianza naongeza nafasi mara mbili kati yangu na aliye mbele, na mara nyingi mtu hujipenyeza humo, nami naanza kuitafuta upya. Wa nyuma hupiga honi. Panaponyooka nawapisha.