Yuro 38 kwa utumbo

Jamani, yuro 38. Zidisheni wenyewe kwa shilingi, mimi nimechoka kuzidisha. Wala si mbuzi mzima, ni utumbo.

Mwenzangu wa kazini, mama mmoja mzaliwa wa hapahapa Lyon, Ufaransa, aliniambia Alhamisi: "Twende tukale bouchon." Hivyo ni vigahawa vyao vya kizamani, vitambaa vya meza vya drafti nyekundu na nyeupe. Mimi nilivyolelewa, mtu mzima akisema twende tukale, mfuko wangu umepumzika. Kumbe wapi! Bili ilipofika akaigawa katikati, huku anatabasamu. Mnaotaka kuja huku mshike hili: Mfaransa akitamka "nakualika", analipa yeye. Akisema "twende tukale", beba kadi yako.

Chakula chenyewe kinaitwa tablier de sapeur. Ni ule utumbo wa ng'ombe wenye vyumba kama sega la nyuki. Wanauchemsha, wanauloweka kwenye waini nyeupe, wanaupaka mayai na chenga za mkate, kisha wanaukaanga mpaka uwe wa dhahabu. Huo ndio utumbo ambao kwetu tunanywa supu yake na chapati mbili asubuhi, tukadai na ndimu ya bure.

Mhudumu akaleta waini nyekundu ya Beaujolais, kutoka vilima vya kaskazini mwa mji. Akaniuliza polepole, kama anaongea na mtoto, iwapo kwetu tunaijua waini. Nikamwambia Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, nyie mara moja. Akaenda kuleta mkate.

Ilikuja ndani ya chupa wanayoiita pot. Ukiiona unasema nusu lita. Inyanyue uone: kitako cha kioo kinene kama cha chungu, ndani mna sentilita 46 tu. Tena ilikuwa inatoka jasho la baridi. Nikadhani wamenifanyia makusudi, maana nilishaambiwa nyekundu haiwekwi friji. Yule mama akacheka: hii hunywewa kwenye nyuzi 12 hadi 14.

Wenzangu msiokunywa rukeni hapa. Zabibu yake ni Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru ing'olewe kwake, ikabaki inatamba huku kusini kwenye udongo wa matale. Vichala hutiwa pipani vizima bila kupondwa, kuchachuka kunaanzia ndani ya punje, ndiyo maana haikaukishi ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni. Ina ukali wa matunda unaokata mafuta. Ukitafuna ule utumbo, ukapiga funda, mdomo unakuwa msafi, unataka tena. Inakwenda pia na soseji zao kavu na kuku wa kuchoma. Kwa hasira zangu zote, hapo niliwavulia kofia.

Hivyo vichala navijua kwa mgongo. Mwaka juzi, nikiwa mwanafunzi, nilivivuna wiki mbili. Vingi huchumwa kwa mkono, na mizabibu yenyewe mingi ni mifupi, inakuishia magotini, umeinama kutwa nzima. Siku ya tatu nilishindwa kuvaa soksi. Wanafunzi, kazi mnaruhusiwa, lakini mwisho saa 964 kwa mwaka, zihesabuni vizuri msije mkalia kibali.

Basi Jumamosi nikaenda mtaa wa Guillotière, kwenye bucha za Waarabu, nikachukua kilo mbili za utumbo. Nyanya, tangawizi, vitunguu, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa. Nikamwandikia yule mama ujumbe, neno nikalichagua: nakualika.

Akaja na chupa ya Chiroubles, Beaujolais ile ile ila ya kijiji hicho, nyepesi, ya baridi, akaifungia kwenye taulo. Alikula sahani mbili, pua inamtiririka. Alipomaliza akauliza, kwa aibu kidogo, kama kimebaki cha kubeba.