Mbwa wa Jirani na Geti Lisilofungwa

Mtaa tunaoishi, pembezoni mwa Nzuguni hapa Dodoma, viwanja vimepimwa na nyumba zinaendelea kujengwa, lakini kuta nyingi hazijakamilika, na kati ya kiwanja na kiwanja mara nyingi hapana kitu zaidi ya waya, minyaa au miiba iliyokatwa porini. Saruji na nondo huibwa usiku, na si kila familia inaweza kumlipa mlinzi. Kwa hiyo simlaumu mtu yeyote anayefuga mbwa katika mazingira haya. Ninachoandika kinamhusu mbwa mmoja wa jirani yetu, dume mkubwa wa rangi ya kahawia, ambaye kwa miezi kadhaa aliwafanya watoto wetu waogope njia ya kwenda shule.

Geti la jirani ni la mabati, na kwa muda mrefu lilifungwa kwa kipande cha waya tu. Chini yake mbwa alikuwa amechimba udongo hadi likapatikana tundu la kumtosha kupita kwa tumbo. Usiku alifunguliwa ili alinde, jambo ambalo ni la kawaida, lakini alfajiri, wakati watoto wanatoka na mikoba yao gizani, alikuwa bado hajafungwa. Majirani wengine walikuwa wakifarijiana kwamba mbwa abwekaye haumi. Huyu hakuwa akibweka. Alitoka kimya, mwili umekakamaa, mkia umesimama, manyoya ya shingoni na mgongoni yamenyanyuka, akimkazia macho mtu mmoja katika kundi. Mbwa wa namna hiyo hatishii tu, na ni vizuri kila mzazi azijue dalili hizo.

Hatari yenyewe ni mbili. Kuna jeraha, ambalo kwa mtoto mdogo mara nyingi huwa usoni au shingoni kwa sababu ya kimo chake. Kisha kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa, na ambao dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara huishia kwenye kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba katika kila waathirika kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu maambukizi yote ya binadamu hutokana na mbwa, si fisi wala mbweha kama wengi wanavyodhani huku kwetu.

Nilipokwenda kwa jirani na mke wangu jioni moja, tulikubaliana tusianze na malalamiko. Jirani ni mzee, ametutangulia mtaani kwa miaka mingi, na mtu mzima akivamiwa nyumbani kwake kwa lawama atamtetea mbwa wake hata kama moyoni anajua ukweli. Baada ya shikamoo na habari za mvua, nilimuuliza, “Baba, mbwa wetu huyu amechanjwa mwaka huu?” Akajibu kwamba alichanjwa alipokuwa mdogo. Nikamweleza kwamba chanjo ile hurudiwa, na kwamba mbwa akiugua, wa kwanza kuwa hatarini ni wajukuu zake wanaomlisha na kucheza naye, kabla ya watoto wangu wanaopita nje. Hapo mazungumzo yalibadilika, kwa sababu jambo lilikuwa limekuwa letu sote. Ningemshauri mtu yeyote aanzie kwenye chanjo, maana hakuna mfugaji anayeweza kuona swali hilo kuwa ni tusi.

Mzee naye alikuwa na hoja yake. “Mwanangu,” alisema, “nikimfunga mnyororo mchana na usiku atakuwa mkali kuliko sasa.” Alikuwa sahihi. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo mfupi, bila kivuli na bila maji katika jua la kiangazi cha Dodoma, huwa na woga na hasira, na siku akichomoka ni hatari zaidi. Tulichokubaliana ni banda lenye kivuli kwa mchana, kufunguliwa usiku ndani ya uzio tu, kurudishwa bandani kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na tundu la chini ya geti lizibwe kwa mawe.

Makubaliano hayo hayakutekelezwa mara moja. Mawe yalichelewa, mbwa akatoka tena, na safari hii alirarua sketi ya sare ya binti mmoja wa darasa la nne. Hapo kijana mmoja wa mtaani akapendekeza nyama yenye sumu. Nililipinga wazo hilo kwa nguvu na ninaendelea kulipinga. Sumu iliyotupwa njiani haichagui: italiwa na kuku, italiwa na mbwa wa mtu mwingine aliyechanjwa, na inaweza kuokotwa na mtoto. Zaidi ya hayo, tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, na ujirani uliovunjika kwa sumu haurudi.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukiwa na maandishi: tarehe, saa, mahali mbwa alipokutwa na majina ya watu wazima walioshuhudia. Maneno matupu kwenye ofisi ya mtaa hubaki kuwa ugomvi wa majirani, lakini karatasi huwekwa kwenye faili na hufuatiliwa. Mwenyekiti alikuja na mtendaji pamoja na afisa mifugo wa kata, na mzee akaelezwa kwa heshima kwamba chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake, kiasi cha kuhatarisha maisha ya wengine, anatenda kosa la jinai. Hakutishwa wala hakutozwa kitu. Tundu lilizibwa wiki hiyohiyo, na mbwa akachanjwa.

Wakati huohuo tuliwafundisha watoto namna ya kukutana na mbwa yeyote wasiyemjua. Wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame wima, mikono imeshikamana na mwili, wasimtazame machoni, na akitulia warudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Wakiangushwa, wajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono. Tulifanya mazoezi uani mpaka mdogo wao akaweza kusimama tuli kweli.

Na mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Huku kwetu ambako bomba hukauka, maji ya dumu yakimiminwa kwa kopo yanatosha. Kisipakwe pilipili, majivu wala mafuta. Kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo bila kungoja kuona kama mbwa ataugua, na ni busara kuulizia kwanza palipo na chanjo, kwa kuwa si kila zahanati huwa nayo. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa awamu, na kuiacha katikati kwa sababu kidonda kimepona ni kujiweka hatarini, maana virusi vinaweza kukaa mwilini kwa wiki au miezi kabla ya dalili kujitokeza. Mbwa naye, ikiwezekana kumdhibiti kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10, kwa kuwa akibaki mzima muda wote huo inajulikana kwamba hakuwa akiambukiza siku aliyouma.

Kinachosubiriwa sasa ni chanjo ya mtaa mzima. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Tumeliomba jambo hili katika mkutano wa mtaa, na mzee jirani yetu ndiye aliyejitolea kiwanja chake kiwe mahali pa kukusanyia mbwa siku afisa mifugo atakapokuja.