Ubeti wa mia na kumi na mbili

Aprili 2016 nilikwenda kulizuru kaburi la Miguel de Cervantes, mwandishi wa riwaya ya Don Quixote, Madrid. Ilikuwa miaka 400 tangu afariki. Mimi nilikuwa na miezi saba tu tangu nitoke Mombasa, na wiki ya tano tangu baba azikwe nami siko.

Kaburi limo katika monasteri ya Masista Watrinitari, mtaa wa Lope de Vega, mwandishi aliyekuwa hasimu wa Cervantes. Nyumba ya Lope nayo, ajabu, iko mtaa wa Cervantes. Mapadri wa shirika hilohilo ndio waliomkomboa Cervantes huko Algiers mwaka 1580, baada ya miaka mitano ya utumwa. Nikaingia kanisani nyuma ya vikongwe waliokuja misani. Ukutani pana jiwe lenye maneno yake: wakati ni mfupi, mahangaiko yanazidi, matumaini yanapungua, lakini hamu ya kuishi bado inambeba.

Aliyaandika tarehe 19 Aprili 1616, siku moja baada ya kupakwa mafuta ya mwisho, akimtolea mfadhili wake riwaya ya Persiles. Siku tatu baadaye akafa. Alikuwa na miaka 68, na katika miaka mitatu ya mwisho alikuwa ametoa hadithi fupi 12, utenzi mrefu, tamthilia, na sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka 1615 baada ya mtu wa jina la bandia kumtangulia na ya kwake. Persiles aliitumainia mno. Ilichapishwa 1617, hakuiona, na wasomaji wakabaki na Don Quixote wao.

Kilichonishika koo ni kwamba katika waraka uleule wa kufa anaahidi vitabu vingine, akivitaja kwa majina. Mara yetu ya mwisho kwenye simu, baba aliniomba nimtumie hela ya kaunta buku jipya, la zamani linakaribia kujaa. Nikamwambia, "Baba, pona kwanza." Akanyamaza, kisha akaniuliza kama kuna baridi.

Nilipotoka nikampigia mama, nikamwomba afungue kabati. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Ni utenzi, mwanangu. Umefika ubeti wa mia na kumi na mbili. Vipande vitatu vimekamilika, cha nne hakipo."

Akakaa kidogo.

"Ila kina chake amekiandika pembeni, kwa penseli."