Pambizo Tupu

Semina ile ilikuwa ya watu watano na tamthilia moja: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Kila mmoja wetu aliokota kikaratasi chenye jina la nadharia ya uhakiki. Changu kiliandikwa Umaksi, unaosoma fasihi kwa jicho la matabaka na unyonyaji, nami nikafurahi mno, maana niliona mfasiri amekwisha kunifanyia kazi. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara, tena mmoja. Mwalimu akawataja mabepari, wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa jina hilo Antonio, mfanyabiashara mwenyewe, haponi tena kwa wema wake: merikebu zake ni mtaji kama zilivyo fedha za Shylock, Myahudi aliyemkopesha. Na Shylock analisema waziwazi mahakamani, anakodai ratili ya nyama ya Antonio kwa deni lisilolipwa: ninyi mna watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda na mbwa wenu, mbona hamwaachi huru? Hapo ndipo nilipopiga kambi.

Nilizungumza bila kutazama karatasi hadi mhadhiri aliponikatisha. Neno bepari, aliuliza, lilikuwa na maana gani lilipoingia katika Kiswahili? Sikujua. Akasema lilitoka Bara Hindi, na zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu. Kumbe jina la tamthilia lilibeba maana mbili, nami nilikuwa nimeisikia moja. Nilimjibu kwamba mwaka 1969 neno hilo halikusikika bila kuleta wazo la unyonyaji. Bado naamini hivyo.

Mwenzetu wa saikolojia changanuzi alileta insha ya Freud, mwasisi wa nadharia hiyo, ya mwaka 1913 kuhusu makasha matatu ya dhahabu, fedha na madini ya risasi, ambayo wachumba katika tamthilia huchagua moja ili wapate mke; kwake makasha ni wanawake na lile la risasi ni mauti. Sikushawishika. Wa ufeministi alinishika zaidi. Alimtazama Portia, binti tajiri ambaye marehemu baba yake bado anamchagulia mume, na ambaye hasikilizwi mahakamani mpaka avae joho na kujifanya mwanamume. Enzi za Shakespeare, alitukumbusha, Portia mwenyewe aliigizwa na mvulana. Niliandika daftarini kwamba huyu ndiye nuru ya tamthilia nzima.

Wa mwisho alikuwa binti mpole aliyepata nadharia ya baada-ukoloni, inayouliza jinsi watu wa mbari nyingine wanavyochorwa. Sote tulitarajia atamtetea Shylock. Badala yake alifungua sehemu ya pili, anapoingia mwana wa mfalme wa Moroko kujaribu bahati yake. Maneno ya kwanza ya mgeni huyo ni ombi: Portia asimchukie kwa rangi yake. Anachagua kasha la dhahabu, anakosa, anaaga na kuondoka. Naye Portia anashusha pumzi, akitamani wote wenye rangi ile wachague vivyo hivyo.

Alisoma mstari huo mara mbili, kisha akaketi. Hakueleza kitu. Kinywa kile kile ndicho kinachokuja kumsihi Shylock awe na huruma.

Usiku nilifungua nakala yangu, niliyokuwa nimeisoma mara nne. Pambizo za onyesho la mahakama zilijaa wino hadi pembeni kabisa. Za kurasa za Moroko zilikuwa tupu. Nilikuwa nimepiga mstari mahali pamoja tu, chini ya neno dhahabu.