Siku Lifti Ilipotuponyoka Kampala

"Chini! Wote chini!"

Aliyepiga kelele ni mzee mmoja aliyesimama kwenye kona, na kwa sauti ile hakuna aliyebishana. Baadaye tulijua ni mwanajeshi mstaafu. Hapa Uganda Kiswahili cha amri hutiiwa hata na asiyekielewa, kwa sababu ndicho wazee wetu walichokizoea kutoka kwa askari. Siku ile kilitufaa.

Ilikuwa mwaka 2013, Ramadhani inaelekea ukingoni. Mimi na shangazi tulitoka Bombo kwenda kununua vitenge vya Idi katika jengo moja la maduka karibu na Old Taxi Park. Tulipomaliza tulikuwa ghorofa ya tano, na magoti ya shangazi hayakuwa ya kushuka ngazi zote zile. Tukaingia kwenye lifti. Ilikuwa tayari imejaa watu, na mlango ulipoanza kufunga wapagazi wakasukumiza ndani marobota mawili ya mitumba. Kibao cha uzito kilikuwepo ukutani, lakini kimekwanguliwa hata namba hazisomeki.

Ilianza kushuka kama kawaida. Kisha sakafu ikawa nyepesi chini ya miguu, tumbo likapanda kifuani. Taa haikuzimika, jambo ambalo lilinitisha zaidi, maana niliona nyuso zote zikibadilika kwa pamoja. Kijana mmoja wa simu alianza kurukaruka. Nadhani alisikia mahali kwamba ukiruka wakati lifti inatua, unapona. Hapo ndipo mzee alipotoa amri. Tukachuchumaa, tukakaa, wengine wakalalia marobota. Mara chuma kikasagana kwa mlio mkali pande zote mbili, na lifti ikasimama kwa kishindo. Robota la juu likamwangukia mama mmoja mguuni.

Shangazi alikuwa anatamka shahada. Palinuka chuma kilichopata moto.

Kilichofuata ndicho kilichokaribia kutuua, na ndicho ninachotaka watu wakijue. Yule kijana aliingiza vidole kwenye mlango, akauvuta ukafunguka. Mbele yetu kulikuwa na ukuta wa saruji, na kwa chini mwanya wenye mwanga wa ghorofa, upana wa kutosha mtu mwembamba kupenya. Ungeuona, nawe ungetamani kutoka. Alikuwa amekwisha kutanguliza miguu pale mzee alipomkamata mkanda.

"Niache, mzee, nashuka!"

"Mwanangu, chini ya sakafu yetu hakuna kitu. Ni shimo. Ukiachia mikono mwili utarudi ndani, utakwenda hadi chini kabisa. Na hii ikisogea ukiwa nusu nje, itakukata."

Hakumwachia mpaka alipokaa. Tukabonyeza kengele, tukapiga simu, tukangoja. Mimi nilikuwa na kiu ya saumu na ya woga.

Fundi alikuja, Mkenya wa Kisumu, mtu mpole sana. Alizima umeme, wakaizungusha mashine kwa mkono huko juu, lifti ikapanda polepole hadi usawa wa ghorofa, naye akafungua mlango wa nje kwa ufunguo wa pembetatu. Shangazi hakutoka jengoni bila maelezo. Alimuuliza pale pale, "Baba, nyaya zilikatika?"

"Hapana, mama. Nyaya zipo zote. Breki imechakaa na uzito ulizidi."

Alitueleza kwamba lifti hubebwa na nyaya kadhaa za chuma, na upande wa pili wa nyaya hizo kuna uzito wa kusawazisha, ambao huwa ni uzito wa kile chumba chenyewe na karibu nusu ya mzigo wake. Umeme ukikatika lifti haianguki, kwa kuwa umeme ndio unaoiachia breki. Ukienda, springi huibana. Na breki ikishindwa, kuna gavana, kifaa cha kudhibiti mwendo, kama spidi gavana ya matatu. Mwendo ukipita kiasi, gavana hukamata waya wake, waya huo huvuta kabari za chuma, nazo hubana reli. Mlio tuliousikia ulikuwa huo. Kabari hizo huachia lifti inapoinuliwa, ndiyo maana walitupandisha kwanza badala ya kutushusha.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nililoweza juu ya jambo hili. Mwaka 1854, New York, Elisha Otis, mbunifu wa breki ya usalama ya lifti, alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya umati akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likanasa. Tarehe 28 Julai 1945, ndege ya kijeshi ya B-25 iligonga jengo la Empire State katika ukungu. Betty Lou Oliver, mwendesha lifti, alianguka na lifti ghorofa 75, akaishi. Nyaya zilizokuwa zimejikunja chini zinasemekana zilipunguza kishindo.

Kuhusu kuruka: kutoka mita kumi lifti isiyozuiwa na chochote hutua kwa karibu kilomita 50 kwa saa. Mruko wa mtu hupunguza kidogo tu, na ndani ya kisanduku kilichofungwa huwezi kujua unatua lini. Penye nafasi, ni afadhali kulala chali, mwili wote ugusane na sakafu, mikono ilinde kichwa. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo, kwa hiyo mzee alituketisha, na mimi naona alifanya sawa. Ila alipomshika yule kijana mkanda alifanya kubwa zaidi. Lifti iliyosimama katikati ya ghorofa ina mlango wa hatari kuliko waya wake.

Mama aliyeumia mguu alikuwa amevunjika kifundo. Mwenye jengo alisema ni bahati mbaya, hana cha kulipa. Yule mzee akawa anakwenda ofisini kwake, anaketi, anasubiri, mpaka gharama za hospitali zikalipwa. Marobota yakahamishiwa ngazini, na wenye mitumba wakawaongezea wapagazi ujira.