Batli, saa ya mchanga na bildi: nahodha wa Kiingereza wa karne ya 17 alivyojua alipo

Nahodha aliyetoka Virginia na shehena ya tumbaku kwenda London, miaka ya 1640, aliweza kupima latitudo, yaani umbali wake kutoka ikweta. Longitudo, yaani alipo mashariki au magharibi, hakuwa na njia ya kuipima. Latitudo aliipata adhuhuri, amelipa jua mgongo, akitazama kivuli kwenye kipimo alichobuni John Davis miaka ya 1590. Safari ya kwenda mashariki aliikadiria kwa dira na batli.

Batli ni kipande cha ubao kilichotiwa madini mazito ya risasi ukingoni ili kisimame majini, kimefungwa kamba ndefu yenye mafundo. Watu watatu husimama tezi, yaani nyuma ya meli: mmoja anatupa ubao, wa pili ameshika kigogo kilichozungushiwa kamba, wa tatu ana saa ya mchanga ya sekunde 30. Pima chache za mwanzo za kamba (pima moja ni futi 6) hazihesabiwi, mpaka ubao utoke kwenye maji yanayovurugwa na meli. Alama ya kuanzia ikipita, saa inapinduliwa. Mchanga ukiisha, kamba inakamatwa. Yakipita mafundo 6, ni maili 6 za baharini kwa saa.

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye kamba yenyewe. Fundo liliwekwa kila pima 7, yaani futi 42. Mwanahisabati Richard Norwood, aliyepima njia ya London hadi York ili kujua urefu halisi wa maili ya baharini na kuchapisha hesabu zake mwaka 1637, alionyesha kwamba zinatakiwa kama futi 51. Kwa kamba ya zamani, mwendo wa maili 6 husomeka zaidi ya 7, na kwa siku nzima kosa linapita kidogo maili 30. Mabaharia wengi waliing'ang'ania, na sababu yao naiona nzito: heri kuitazamia nchi mapema kuliko kuipanda usiku.

Kamba ikilowa hufupika, mafundo yakasogeleana. Mchanga ukipata unyevu hushuka polepole. Tundu la kioo likilika, hushuka upesi mno. Mkondo wa bahari ndio mbaya kuliko vyote, maana hubeba ubao na meli pamoja, na batli haionyeshi chochote.

Kwa hiyo nahodha alipokaribia mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, alishusha bildi, yaani kipande cha risasi kwenye kamba cha kupimia kina, iliyopakwa shahamu kitakoni. Ikigusa chini kabla ya pima 100, kina kirefu cha Atlantiki kimeshapitwa. Mchanga na vipande vya kombe vilivyonata kwenye shahamu vililinganishwa na maandishi ya safari zilizopita, matanga yakapunguzwa, bildi ikashushwa tena na tena hadi nchi ionekane.