Ishirini ya uongo

Kuna namba moja kwenye chati za wodini ambayo siiamini: 20. Pita kitanda hadi kitanda, angalia safu ya upumuaji, utakuta wote wanapumua mara 20 kwa dakika. Mwenye nimonia 20. Bibi anayesubiri kuruhusiwa, kashafunga kanga zake kwenye rambo, naye 20. Presha inasomwa na mashine, joto lina kipimo chake, lakini pumzi inataka mtu asimame dakika nzima akitazama kifua. Usiku mko manesi wawili na wodi imejaa hadi chini. Basi inaandikwa 20. Nami nimeiandika mara nyingi tu, sijifanyi mtakatifu.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, hospitali moja ya hapa Mwanza (jina tuliache, na mambo mengine ya mgonjwa nimeyabadilisha), tulimlaza mvuvi kutoka Ukerewe. Bandama ilikuwa imevimba hadi karibu na kitovu. Kichocho. Wengi wakisikia neno hilo wanafikiria kukojoa damu, lakini cha huku ziwani ni cha tumbo. Vijidudu vinapenya ngozi ukiwa kwenye maji ya ukingoni yenye konokono, vinakuwa minyoo, vinataga kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini na kuacha makovu. Damu ikikosa njia humo inarudi nyuma, inajipenyeza kwenye vimishipa vya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, ambavyo havikuumbwa kwa mzigo huo. Siku vikipasuka, mtu anatapika damu. Yeye alikuwa ameshatapika mara moja huko nyuma, na kliniki walimwanzishia propranolol kupunguza huo msukumo.

Zamu ya usiku ilikuwa yangu. Saa kumi alfajiri nikampima: mapigo 82, presha 110/70. Nikaandika na 20 yangu, nikaenda kitanda kinachofuata nikiwa na amani kabisa. Aliomba maji, nikamwambia mkewe ampe.

Asubuhi tukakabidhiana kitanda kwa kitanda. Aliyepokea zamu alikuwa mama mmoja mtu mzima, karibu kustaafu, viatu vyake vya raba vilikuwa havisikiki akitembea. Nikasoma ripoti yangu. Akamshika mgonjwa kifundo cha mkono, kimya, macho kwenye saa. Nikadhani anahesabu mapigo. Mgonjwa naye alidhani hivyo, na ndiyo maana yake: ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, anaanza kuzipanga.

"Ishirini na nane," akasema.

"Lakini mapigo ni mazuri, mama."

"Anameza propranolol, mwanangu. Hiyo inaushika moyo usikimbie. Hayo mapigo utayahesabu mpaka jioni, hayakwambii kitu."

Akamgeukia mke. Hakuuliza "amepata choo?", swali ambalo sote huuliza na sote hujibiwa ndiyo. Aliuliza nani alimsafisha usiku, na kilikuwaje. Yule dada akainama. Cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake si ya kawaida. Mume alimkataza kusema, alikuwa anaona aibu. Damu inayovuja tumboni hutoka hivyo. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila hakinati hivyo wala hakina ile harufu.)

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio: daktari, branula (kile kimrija cha mshipani) ya pili, damu ya kupima kundi, na baadaye chupa mbili za damu. Presha ilikuja kushuka saa mbili na nusu, wakati tayari tuko naye. Alipona, akarudi kisiwani.

Mama yule hakunigombeza. Aliniketisha na kalamu kabla sijaondoka. "Daktari ataandika kichocho na mishipa ya umio, hiyo kazi yake. Wewe niandikie mwili wake unavyohangaika sasa hivi." Huo ndio utambuzi wa kiuguzi, na chuoni tulikariri sentensi zake kama shairi la mtihani: tatizo, linalohusiana na nini, linaloonekana kwa nini. Wauguzi wa Marekani walikutana St. Louis mwaka 1973 kuanza kuziorodhesha, na kwa kweli nilikuwa nawalaani. Asubuhi ile nikaandika: upungufu wa damu kwenye mishipa, unaohusiana na kuvuja tumboni, unaoonekana kwa pumzi 28, choo cheusi, kiu, vidole baridi. Kiu! Na maji nilikuwa nimeagiza apewe mimi mwenyewe.

Juzi mwanafunzi wa mazoezi kaniletea chati. Vitanda sita, 20 sita. Nikavua saa yangu nikampa, nikamwambia aanze na mzee wa dirishani. Alichelewa kidogo.

"Kumi na saba, dada," akasema. "Halafu dripu yake imehama. Mkono umevimba."